Kuku waliiva, saladi ikawaumiza: uchambuzi wa kisa cha mlo mmoja wa familia

## Kwa nini ninakiandika kisa hiki

Watu kumi na wawili walikula pamoja mchana wa Jumamosi. Kufikia Alhamisi asubuhi sita kati yao walikuwa wanahara, wawili wakihara damu, na mmoja, babu wa miaka 71, alikuwa amelazwa na dripu mkononi. Mimi ni afisa afya. Nililetewa kazi ya kutafuta chanzo baada ya majibu ya maabara kutoka. Majina, mahali na kila kinachoweza kuitambulisha familia nimeviondoa, na wenyewe wameridhia kisa chao kitumike kufundishia.

Kuku waliopikwa siku ile waliiva barabara, nyama ikiachia mfupa. Hata hivyo ugonjwa ulitoka kwa kuku hao hao. Asiyeelewa jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja atalinda sufuria na kusahau sinki. Tena binti wa miaka 17 alibebeshwa lawama isiyo yake kwa zaidi ya wiki nzima, na hilo limenikaa moyoni kuliko hata majibu ya maabara.

## Jikoni, kabla ya mlo

Mwenye nyumba, nitakayemwita Mama, ni mpishi wa miaka mingi na jiko lake ni safi. Nilifika siku ambayo hakunitarajia: sakafu imepigwa deki, vyombo vimepangwa, hakuna nzi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia familia imeugua kwa chakula huwaza uchafu.

Ijumaa jioni alinunua kuku watatu wabichi waliokwisha kuchinjwa na kunyonyolewa. Aliwaweka ndani ya mfuko kwenye rafu ya kati ya friji, kwa kuwa ya chini ilikuwa imejaa vinywaji. Mfuko ulivuja kidogo usiku. Asubuhi alikuta matone juu ya chupa, akayafuta.

Jumamosi saa tatu asubuhi, binti yake mdogo, huyo wa miaka 17, aliosha majani ya saladi, nyanya na matango kwa maji mengi, akayaweka kwenye chujio pembeni ya sinki yajichuje. Akaenda kufanya kazi nyingine. Saa nne Mama akawatoa kuku, akafungua bomba, akawaosha mmoja mmoja ndani na nje, akisugua ngozi kwa vidole kama alivyofundishwa na mama yake. Chujio lilikuwa pale pale. Aliwakata vipande kwenye ubao mkubwa wa mbao, akawatia viungo, kisha akausuuza ubao kwa maji ya bomba na kuufuta kwa kitambaa cha jikoni. Kama saa tano na nusu binti akarudi, akachukua ubao ule ule, kwani ndio uliokuwa mkubwa, akakata nyanya na matango. Majani aliyachana kwa mikono. Akakamulia ndimu.

Kuku waliingia kwenye oveni, wakakaa zaidi ya saa moja. Mlo uliliwa saa nane mchana. Kila kitu kilikuwa cha siku ile ile, na hakuna chakula kilicholala.

## Mfuatano wa ugonjwa

Jumapili ilipita salama, na hapo ndipo fumbo lilipoanzia. Jioni yake baadhi ya wanafamilia walinunua chakula kilichopikwa kwa muuzaji wa karibu. Jumatatu saa tatu usiku, kijana wa miaka 24 alipata homa na msokoto wa tumbo, na usiku wa manane akaanza kuhara. Jumanne asubuhi akafuata babu. Jioni akaugua binti mkubwa wa nyumba, ambaye hali nyama ya aina yoyote kwa miaka mingi. Jumatano ilikuwa zamu ya mjukuu wa miaka 3 na mama yake mzazi. Wa mwisho alikuwa shangazi, Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi.

Kutoka saa nane mchana ya Jumamosi hadi saa tatu usiku ya Jumatatu ni saa 55. Hadi alipougua shangazi ni saa 112. Wapo waliougua wakiwa majumbani mwao, mbali na Mama, na hawakujua kwamba wenzao nao wanaumwa hadi simu zilipoanza kupigwa Jumatano.

Simu zilipopigwa, kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Wa kwanza kushukiwa alikuwa muuzaji wa chakula cha Jumapili. Kaka mmoja alikwenda kumkaripia mbele ya wateja. Ilipobainika kwamba watatu kati ya wagonjwa hawakukigusa chakula cha Jumapili, macho yakamgeukia binti aliyetengeneza saladi. “Hukuosha nyanya,” aliambiwa. Alikuwa ameziosha, na kwa uangalifu kuliko wengi ninaowajua.

## Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Kijana wa kwanza kuugua alikunywa vidonge viwili vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani tangu ugonjwa mwingine, akaongeza dawa ya kuzuia kuhara. Alikuwa na zamu kazini na alitaka tumbo lifunge haraka. Kuhara kulipungua kwa nusu siku, homa ikapanda, tumbo likajaa na kuuma zaidi, kisha akaona damu. Sababu yake naielewa kabisa. Lakini mtu mwenye homa au damu kwenye kinyesi hapaswi kujipa dawa ya kufunga tumbo, kwa maana utumbo uliovimba unazuiwa kutoa kinachouumiza. Na antibiotiki za kubahatisha zilileta hasara nyingine iliyojitokeza baadaye maabara.

Mama wa mjukuu alifanya uamuzi bora kuliko wote katika kisa hiki, na aliufanya peke yake saa saba usiku. Mtoto alipohara mara ya tatu alikoroga pakiti ya ORS, mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa, akaanza kumpa kijiko kimoja kimoja. Mtoto akitapika, anasubiri dakika kumi, anaanza tena taratibu. Alihesabu mara alizokojoa. Kulipokucha mtoto alikuwa mchovu lakini machozi yanatoka na mdomo una unyevu. Asiye na pakiti anaweza kutumia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, ndani ya lita moja ya maji safi. Chumvi isizidi hapo hata kidogo.

Babu alicheleweshwa. Jumanne nzima alisema yuko sawa, na wanawe waliona si heshima kubishana naye. Jumatano mchana alipojaribu kusimama aliona kizunguzungu akaanguka kitini, na ikajulikana kwamba hakuwa amekojoa tangu asubuhi. Alipelekwa hospitali na kijana akaenda naye. Binti mkubwa, aliyekuwa ameugua pia, ndiye aliyewasindikiza.

Tabibu aliyewapokea alifanya jambo dogo lenye uzito mkubwa. Kwenye fomu ya kipimo cha kinyesi hakuishia kwenye neno “kuhara”. Aliandika: homa, damu, wagonjwa kadhaa wa familia moja, walikula kuku siku nne zilizopita. Bila maelezo hayo, huenda maabara isingetafuta mdudu aliyepatikana. Bakteria huyo, kampilobakta, haoti vizuri kwenye vyombo vya kawaida vya maabara. Anataka hewa yenye oksijeni kidogo, joto la nyuzi 42 za Selsiasi, na kwa kawaida siku mbili za kusubiri. Ndiyo maana binadamu waliugua naye kwa vizazi bila kumtambua vizuri. Kwa muda mrefu alijulikana zaidi kwa matabibu wa mifugo, hadi mwaka 1977 Martin Skirrow, mwanasayansi wa maabara huko Uingereza, alipoonyesha jinsi alivyo wa kawaida katika vinyesi vya watu wanaohara.

Sampuli tatu zilichukuliwa. Ya babu iliotesha kampilobakta, na ya binti mkubwa vilevile. Ya kijana haikuotesha chochote, ingawa ndiye aliyekuwa na dalili kali kuliko wote watatu. Vidonge vile viwili havikumponya, lakini vilitosha kuzuia bakteria wasiote maabara. Kama yeye angekuwa ndiye mgonjwa pekee aliyepimwa, tusingejua kitu.

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa mbaya. Kwenye simu nilimuuliza shangazi, “Mlikula nini jana yake?” Kwa swali hilo nilikuwa nimekwisha kumwelekeza kwenye chakula cha karibu. Nilipoyaona majibu ya maabara nilianza upya: kila mtu peke yake, milo yote ya siku saba kabla ya kuugua, na orodha ya vyakula vya Jumamosi kimoja kimoja, hata kwa wale ambao hawakuugua. Wazima ni muhimu sawa na wagonjwa. Familia ilishangaa kwa nini namsumbua mtu asiye na tatizo, nami nikawaeleza kwamba bila yeye sina cha kulinganisha.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutochukua vipimo vya sinki na ubao. Siku tisa zilikuwa zimepita na jiko limesafishwa mara nyingi. Kampilobakta hufa upesi sehemu kavu. Majibu yangekuwa “hakuna kitu”, na familia ingeyachukua kama hati ya kutokuwa na kosa. Nikaona ni heri kutazama kazi inavyofanyika.

## Hesabu iliyofungua kisa

Kati ya 12, waliokula kuku ni 11, na wagonjwa kati yao ni 5. Asiyekula kuku ni mmoja tu, binti mkubwa, naye aliugua, na kinyesi chake kikatoa bakteria. Kwa upande wa saladi, walioila ni 7, wakaugua 6. Wasioila ni 5, na wote watano walikula kuku wakashiba, hakuna aliyeugua hata mmoja. Mama mwenyewe yumo katika hao watano, kwani mboga mbichi humsumbua tumbo. Wali na vinywaji vilitumiwa na wagonjwa na wazima pia, kwa hiyo matone yale juu ya chupa, ingawa ni kosa la kurekebisha, hayaelezi ugonjwa.

Muda nao ulitoa ushahidi wake. Sumu ya stafilokoka, bakteria mwingine wa chakula, hutapisha ndani ya saa chache, mara nyingi kabla ya saa 6 kupita. Klostridia, naye bakteria, anayeota kwenye sufuria kubwa za nyama zilizopoa polepole, husokota tumbo baada ya saa 6 hadi 24. Salmonela mara nyingi huanza kati ya saa 12 na 36, ingawa anaweza kuchelewa siku kadhaa. Kampilobakta kwa kawaida huja siku ya 2 hadi ya 5. Saa 55 hadi 112 zinaingia humo bila kusukumwa. Chakula cha Jumapili kilikuwa karibu mno kwa mgonjwa wa kwanza, na watatu hawakukila kabisa. Muuzaji alikuwa amekaripiwa bure.

Basi ikabaki saladi. Lakini nyanya na matango havina utumbo wa kukaa mdudu huyu. Makazi yake makubwa ni ndani ya ndege, ambao joto la mwili wao ni karibu nyuzi 41 hadi 42, lile lile analolipenda. Kuku humbeba bila kuugua, hivyo ukimtazama akiwa hai au akiwa nyama huoni dalili. Wakati wa kuchinja, kunyonyoa na kutoa matumbo, yaliyomo kwenye utumbo hufika kwenye ngozi, na bakteria hujificha kwenye vishimo vya manyoya. Kuna daraja lililovuka kutoka ngozi ile hadi kwenye bakuli la saladi, na ilibidi nilitafute jikoni.

## Siku niliyosimama karibu na sinki

Nilimwomba Mama anionyeshe alivyofanya, hatua kwa hatua, akitumia bakuli lililofunikwa kichwa chini badala ya kuku. Kabla hajafungua bomba nilitandaza karatasi za jikoni pande zote za sinki. Chujio tukaliweka mahali lilipokuwa. Akafungua maji kama kawaida yake, akasugua “kuku” wake kwa dakika moja hivi. Kisha tukatazama karatasi. Madoa ya maji yalikuwa yamesambaa hadi karibu nusu mita. Kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya chujio yalikuwa mengi kiasi kwamba hatukuhesabu. Mbele ya nguo yake pia palikuwa na unyevu.

Mama alinyamaza. Kisha akamwita binti yake mdogo, akamwonyesha chujio bila kusema neno.

Hapo nikafanya kosa langu la pili. Nikasema moja kwa moja, “Mama, kuku asioshwe.” Uso wake ukafunga. Akanijibu, “Mwanangu, miaka yote hii nimewalisha watu uchafu?” Nilikuwa nimempokonya alichojivunia bila kumpa cha kushika. Kwake kuosha ni sehemu ya upendo, na kuku asiyeoshwa anaonekana kama mgeni aliyeingia na viatu vyenye matope. Ilinibidi nikae, nipokee maji ya kunywa, nianze tena kwa kumwambia kitu ambacho ni kweli: kuku wake hawakumuumiza mtu. Oveni yake ilifanya kazi yote. Nyama ya kuku ikifika nyuzi 74 katikati ya sehemu nene zaidi, kampilobakta na salmonela wanakufa, na wake walipita hapo mbali. Maji ya bomba hayawaui. Yanawahamisha tu.

## Uchambuzi: kipi kilifanya kazi, kipi kilikwama

Kilichokwama ni mpangilio wa kazi. Usafi wa mtu hauhusiki. Binti aliosha mboga vizuri, lakini aliziosha mapema zikakaa wazi mahali ambapo saa moja baadaye kuku wabichi wangeoshwa. Mama alisuuza ubao, ila bila sabuni, kisha akaufuta kwa kitambaa kilichokuwa kimeshafuta mikono iliyoshika kuku. Kila mmoja alifanya sehemu yake kwa nia njema, na hakuna aliyeona kazi ya mwenzake inapoingiliana na yake. Zilikuwa njia mbili kwa wakati mmoja, matone na ubao, na sikuona haja ya kuchagua ipi ilikuwa kubwa kwa kuwa zote mbili zinazibwa.

Jambo lililowasumbua wengi ni hili: saladi ilikuwa ya siku ile, ikaliwa baada ya saa chache, sasa imewezaje kuumiza? Tumezoea kufikiri chakula kinakuwa hatari kikikaa. Kwa salmonela fikra hiyo ina ukweli mwingi, maana huongezeka chakula kikiachwa katika joto la kati, takriban nyuzi 5 hadi 60. Kampilobakta ni tofauti. Chini ya nyuzi 30 haongezeki, kwa hiyo juu ya nyanya anakaa tu akisubiri. Lakini hahitaji kuongezeka, kwani bakteria mia chache wanatosha kumwangusha mtu, na tone dogo la majimaji ya kuku linaweza kuwabeba hao. Upya wa saladi haukuwa kinga. Ndimu pia haikuwa kinga: tindikali yake inapunguza baadhi, ila si ya kutegemea kwa dakika chache juu ya mboga.

Mtu akimaliza kusoma kisa hiki na kuondoka na “usioshe kuku” peke yake, amebeba nusu. Mwaka 2019 wizara ya kilimo ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti ambamo watu walipika kuku na kutengeneza saladi huku wakitazamwa. Kati ya walioosha kuku, asilimia 60 walibakiwa na bakteria kwenye sinki, na asilimia 26 walihamisha bakteria wa kuku hadi kwenye saladi. Kati ya wale ambao hawakuosha, asilimia 31 nao walifikisha bakteria kwenye saladi. Mikono, visu na vitambaa vilifanya kile ambacho bomba halikufanya. Namba hiyo ya asilimia 31 ndiyo niliyompa Mama, na ndiyo iliyomrejesha kwenye mazungumzo, kwa sababu ilionyesha kwamba tatizo halikuwa desturi yake pekee.

Tulichokubaliana naye ni mpangilio mpya. Kisichopikwa kinatangulia: mboga zinaoshwa, zinakatwa, zinafunikwa na kuingia friji kabla mfuko wa kuku haujafunguliwa. Kuku hukaa rafu ya chini kabisa, ndani ya chombo chenye kingo, na vinywaji vinapanda juu. Akitoka, anakwenda moja kwa moja kwenye ubao wake mwenyewe, anapanguswa kwa karatasi ya jikoni inayotupwa hapo hapo, na manyoya yaliyobaki yanang'olewa kwa mkono. Mikono inaoshwa kwa sabuni kwa sekunde 20, na bomba likiwa limeguswa kwa mkono mchafu, nalo linaoshwa. Ubao, kisu na sinki vinapigwa sabuni na maji ya moto kisha vinaachwa vikauke, na kukauka huko ni silaha kubwa dhidi ya huyu mdudu. Kitambaa cha kufutia kila kitu kiliondolewa siku ile ile. Mimi nakihesabu kuwa chombo hatari kuliko ubao, maana ubao unaonekana mchafu na kitambaa kinaonekana kama kisafishaji.

Mama alisisitiza kwamba kuna siku atakuta damu iliyoganda ndani ya kuku na hataweza kuiacha. Sikubishana. Siku hiyo atumie maji yaliyotulia ndani ya beseni, amzamishe polepole bila bomba kufunguliwa, jiko likiwa halina chakula chochote kilicho tayari, na maji ayamwage taratibu karibu na tundu la sinki. Si njia ninayoipendekeza kwa mtu anayeniuliza mwanzo. Ila mpishi aliyeambiwa ukweli na kupewa njia yenye madhara madogo ataifuata, na aliyeamriwa ataosha nisipokuwepo.

Kuhusu kupika hatukubadilisha kitu. Nilimshauri kipimajoto cha nyama, kwani rangi hudanganya: nyama karibu na mfupa wa kuku mchanga inaweza kubaki na wekundu ikiwa imeiva, na kidari kinaweza kuwa cheupe kabla ya kufika joto linalotakiwa.

Kwenye matibabu, ORS ya mapema ilimweka mtoto nyumbani, na ukimya wa heshima ulimfikisha babu kitandani. Kwa mzee, mtoto mchanga, mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu, saa za kusubiri ni chache. Damu kwenye kinyesi, homa ya nyuzi 39, kutokojoa kwa nusu siku, macho kuzama au kuhara kunakopita siku tatu ni sababu ya kwenda kituoni bila kujadiliana. Wengi wa wagonjwa wa kampilobakta hupona ndani ya wiki moja kwa maji tu. Antibiotiki ni za wachache, kama babu aliyepewa azithromaisini kwa uamuzi wa daktari, na usugu wa bakteria huyu kwa baadhi ya dawa umeshakuwa mkubwa kiasi kwamba kubahatisha kunaweza kuwa bure kabisa.

## Matokeo

Babu alilala hospitali usiku mbili. Mjukuu na mama yake walipona ndani ya siku tano, binti mkubwa siku saba. Kijana aliendelea kuumwa tumbo kwa siku kumi na moja.

Shangazi, aliyeugua mwisho na kwa wepesi, alipona kuhara mapema. Wiki tatu baadaye goti la kulia na kifundo cha mguu vilivimba. Daktari alimweleza kwamba kinga ya mwili iliyoamshwa na maambukizi inaweza kushambulia viungo hata bakteria wakiwa wameshaondoka. Ilimchukua miezi miwili kutembea bila maumivu. Nilimfuatilia kwa makini zaidi kwa sababu ya jambo lingine, nadra lakini zito: takriban mgonjwa mmoja kati ya elfu moja wa kampilobakta hupata ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga hushambulia neva na udhaifu huanza miguuni ukipanda juu. Ganzi au miguu kulegea wiki chache baada ya kuhara ni dharura. Shangazi hakuwa nayo.

Niliwaomba wanafamilia wakutane mara moja, nikawasomea hesabu ya saladi na kuku, kisha nikawaonyesha karatasi zenye madoa makavu ya maji nilizokuwa nimezihifadhi. Kaka aliyemkaripia muuzaji alirudi kumwomba radhi siku iliyofuata, mchana, wateja wakiwepo, kwa kuwa ndivyo alivyomkaripia. Binti wa miaka 17 hakusema mengi. Aliuliza swali moja, kama mboga zingepona iwapo angezifunika tu kwa sahani. Nikamwambia kwa matone, ndiyo, sahani ingetosha. Kwa ubao, isingetosha.

Miezi mitatu baadaye nilipita kuwasalimu. Kwenye ubao mpya wa plastiki Mama alikuwa amechoma alama kwa kisu cha moto, jogoo mdogo kwenye kona. Saladi ilikuwa tayari kwenye friji, imefunikwa, na kuku hawajatolewa bado.